Umekula Mara Ngapi?

Habari za kifo chake nilizipata nikiwa kwa kinyozi pale Manyatta, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Kinyozi alikuwa akibishana na mteja mwingine kuhusu bonasi ya chai, na katikati ya ubishi akachomeka tu kwamba yule mzee wa manyoya ameenda juzi, ni kifua, kisha akarudi kwenye bonasi yake. Nilimwomba asimame kidogo. Alidhani amenikata. Nilikaa pale nikijitazama kwenye kioo, nikahisi hasira isiyokuwa na mwenyewe, maana mtu aliyeishi miaka yote ile akifa hakuna wa kulaumiwa. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba sipendi kuandika tanzia. Watu wetu wana tabia ya kumnyima mtu sifa akiwa hai, kisha wakishamlaza chini wanammwagia zote kwa pamoja, hata zisizo zake. Ningemwacha alale salama bila kumsumbua kwa safu hii. Lakini nilikwenda mazishini, nikasikia yaliyosemwa, na tangu siku hiyo chakula hakinishuki vizuri.

Palikuwa na mahema, viti vya plastiki na kipaza sauti kilichokuwa kikipiga mluzi kila mtu akikisogelea. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, kijana aliyevaa suti inayombana mabegani, alitusomea maisha ya marehemu. Tukaambiwa kwamba marehemu alikuwa simba wa msitu. Tukaambiwa kwamba wakati wa Hali ya Hatari, vijana walipoingia msituni kupigana na mkoloni, alikula kiapo chao mara mbili, cha kwanza cha umoja na cha pili kile kizito, na kwamba mkewe, bibi kizee aliyekuwa ameketi mbele yetu amejifunika shuka, ndiye aliyewalisha kiapo vijana wa kijiji kizima. Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa mmoja aliyefika amechelewa akasimama akaahidi kwamba barabara ya kwenda mtoni itapewa jina la shujaa huyu, na makofi yakaongezeka. Mimi sikupiga. Jirani yangu alinitazama kwa pembe ya jicho, nadhani aliniona msaliti. Sina neno na waliokula kiapo. Mjomba wangu mwenyewe alikula, akaingia msituni, na hadi leo hakuna aliyetuonyesha kaburi lake. Kinachonikera ni kwamba mtu tuliyemzika siku ile hakula kiapo hata kimoja. Alikula samaki.

Ngoja nieleze nilivyomfahamu, msije mkasema mwandishi amezeeka anapayuka. Nilipoacha ualimu kule Kianjokoma, daktari aliniambia nitembee, na kwa kuwa kutembea bila sababu ni jambo la kichaa, nikanunua ufito wa kuvulia na kisamaki cha plastiki kinachong'aa kutoka duka moja Nairobi, nikaenda ukingoni mwa mto Rupingazi. Nilirusha asubuhi nzima. Mzee mmoja mwembamba, amevaa koti la sufi na kandambili, alikuwa ameketi ng'ambo akinitazama bila hata salamu. Hatimaye alivuka juu ya mawe, akakishika kile kisamaki changu, akakigeuza, akaniuliza kama nina mpango wa kuwapikia samaki au kuwavua, kwa sababu hapa nimewaletea kijiko. Hapo ndipo urafiki wetu ulipoanza, kama ni haki kuuita urafiki. Alikuwa mbishi, mwenye maneno makali, na mchoyo wa kupindukia. Nilikaa naye miaka mingi pale mtoni na sikumbuki kama aliwahi kunipa chambo chake hata kimoja bila kukiomba siku ya pili.

Na vyambo alikuwa navyo. Alivihifadhi kwenye mikebe ya tumbaku, kila mkebe na maji yake: huu wa maji meupe ya kiangazi, huu wa maji yenye rangi ya chai baada ya mvua ya kwanza, huu wa mafuriko. Alivitengeneza mwenyewe, kwa ndoana ndogo alizozifunga manyoya ya shingo ya jogoo, manyoya ya kanga, singa za mkia wa mbuzi, na uzi wa hariri wa fundi cherehani aliousugulia nta ya nyuki ili usifumuke. Vile vya kuzama alivizungushia waya mwembamba wa shaba aliochomoa kwenye redio mbovu. Kila kimoja kwake kiliitwa nzi, kwa sababu samaki wa milima yetu, yule trauti aliyeletwa na wazungu, hula vijidudu vinavyoelea. Alikuwa akinikaripia kwamba anayeanza asikusanye vyambo kama mtoto anayekusanya vifuniko vya chupa. Aanze na vitatu: kimoja cha kuelea, kimoja cha kwenda katikati, kimoja cha kugusa chini. Halafu kila kinachoongezwa kiwe ni kwa sababu mto umekikataa kilichotangulia. Mwenye mtumbwi anaweza kumfuata samaki aliko, alisema, lakini sisi wa ukingoni tumefungwa miguu. Mahali ulipokanyaga ndipo ulipo, na chambo ndicho kitakachotembea kwa niaba yako. Nilidhani huo ni uvuvi tu. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akizungumza pia habari za maisha yake, ingawa yeye mwenyewe angenicheka kwa kusema hivyo.

Siku moja nikamtania. Miaka yote ile nilikuwa nimemwona akivua na kurudisha majini, anavua na kurudisha, wala sijamwona akibeba hata dagaa kwenda nyumbani. Nikamuuliza, mdomo ukiwa umejaa muwa, "Mzee, kwani samaki wa mto huu wewe umekula?" Mikono yake ilisimama. Akafunga mikebe, akakunja mshipi, akaondoka bila kuniaga. Nilidhani nimemkosea adabu kwa kumkumbusha mwiko wetu wa samaki. Alipotokea tena, wiki kadhaa zilikuwa zimepita. Alikaa kwenye jiwe lake, hakufungua mkebe, akanieleza yote kwa sauti ya mtu anayegombana, ingawa mimi sikuwa nikimbishia.

Katika miaka ya emajensi, kama wazee wetu walivyoiita Hali ya Hatari, alikuwa kijana aliyeoa karibuni. Alifanya kazi kwa mzungu mmoja wa barabara na madaraja, akimbebea vyombo, akimpikia chai, na Jumamosi akimbebea kapu la uvuvi. Yule mzungu alikuwa akivua kandokando ya kambi ya vibarua, pale daraja lilipokuwa likijengwa, na alikuwa na mkono mbovu: nzi wake wa kununua wote waliishia kwenye matawi ya miti. Walipokwisha, kijana akatengeneza wengine kwa manyoya ya jogoo wa jikoni. Mzungu alicheka, kisha akajaribu, kisha akaacha kucheka. Tangu hapo akawa anamletea ndoana tupu, na kijana akawa anajaza mkebe. Aliniambia, na hapa ndipo pekee nilipomwona akitabasamu siku ile, kwamba hakuwahi kupenda kitu cha mikono yake kama ule mkebe wa kwanza.

Sasa vijana wanaosoma safu hii, ambao Ijumaa jioni wananunua tilapia wa kukaangwa pale stendi na ugali juu yake, inabidi niwaambie jambo ambalo hawataliamini. Kwetu Embu, na kwa ndugu zetu wa Meru, samaki hakuwa chakula. Samaki alikuwa ndugu wa nyoka. Mtu aliyesikika amekula samaki hakukaribishwa kwenye chungu cha mama yake, na mwanamke aliyempika alionekana amenajisi jiko. Juu ya hayo, trauti walikuwa mali ya serikali na wenye leseni, na leseni haikuwa ya mtu mweusi. Kwa hiyo mila ilimkataza na sheria ikamkataza, na yeye akavua tu na kurudisha, au akampa bwana wake. Kisha watu wakang'olewa kwenye mashamba yao, wakarundikwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa mtaro wenye vijiti vilivyochongwa, na saa za kwenda shambani zikawa za kuhesabiwa. Njaa ikaingia. Mkewe alikuwa mtu wa Meru, amelelewa na shangazi aliyekuwa akiuza maziwa kwa Waislamu wa mjini, na katika nyumba zile alikuwa ameona samaki akipikwa kwa nyanya na bizari, akaonja, na hakufa. Siku moja mume alipomsimulia samaki aliowarudisha majini, mke alimwambia awalete. Aliwapika nyuma ya nyumba katika debe kuukuu, ili chungu cha mama mkwe kisiguswe. Walikula wamechutama, wakizuia kicheko. Mume akaleta tena mara nyingine, mke akapika tena, na ikawa basi. Walikuwa na siri yao ya kijinga ya vijana, kama vile wengine wana ya kuiba miwa.

Ndipo homgadi, wale walinzi wa serikali waliotoka miongoni mwetu wenyewe, walipopekua nyumba zote na kuukuta ule mkebe darini. Hebu jiwekeni mahali pao. Unafungua mkebe katika miaka ile, unakuta manyoya yaliyofungwa kwa uzi, singa za mbuzi, nta, na katikati ya kila kifurushi kuna chuma kilichopinda. Yule aliyeufungua aliutupa chini akaruka nyuma, akidhani ni vitu vya kulishia kiapo. Wakamwita mkubwa wao, naye akautia kwenye gunia kwa kijiti. Kijana akatiwa pingu akapelekwa kwenye hema la kuchujwa, la kutenga walioapa na wasioapa, ambako palikuwa na meza, afisa wa kizungu asiyekijua hata Kiswahili, na mkalimani aliyetoka mbali, mtu wa Kiswahili safi. Mkebe uko mezani umefunguliwa. Mkalimani akauelekeza kidole, akamtazama.

"Umekula?"

Hapa inabidi msimame nami kidogo, maana maisha ya watu wawili yalivunjikia hapa. Kwa Kiswahili kiapo huliwa. Kwa lugha ya nyumbani, wakati ule, watu walisema kinanywewa. Mtu wa kwetu aliyetaka kukuuliza kama umeapa angekuuliza kama umekunywa. Wengi walikuwa wameshajifunza swali la Kiswahili kwa kipigo, lakini huyu alishinda kambini kwa mzungu, alikuwa na kibali cha kutoka na kuingia kijijini, hakuwa amewahi kuchujwa. Aliletwa mbele ya meza, akaonyeshwa ndoana zake, akaulizwa kama amekula. Aliwaza nini? Aliwaza kile ambacho mimi na wewe tungewaza. Akasema moyoni kwamba siri imetoka, kuna mtu aliona moshi wa debe. Akaona heri aseme kweli apate faini ya samaki, kuliko kukana na kupigwa.

"Nimekula," akasema.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Nani alikulisha?"

Aliniambia kwamba hapa alisita. Ila akajiuliza, mke kumpikia mumewe limekuwa kosa tangu lini? Na angesema amepika mwenyewe, mwanamume wa Kiembu, nani angemwamini?

"Ni bibi yangu alipika," akasema. "Alikuwa amejifunza kwao Meru."

Mkalimani akatafsiri, na yule mzungu ambaye alikuwa akichezea kalamu akainua kichwa. Kwa muda mfupi tu kijana alifurahi kwamba amesikilizwa. Ulimi uliponza kichwa, wanasema, lakini huyu ulimi wake haukuwa na kosa lolote. Ulisema kweli tupu, neno kwa neno, mbele ya masikio yaliyokuwa yamejaa kitu kingine. Walipomuuliza mkewe alikuwa akimlisha nani mwingine, na huko Meru alifunzwa na kundi gani, ndipo mwanga ulipomwingia, akaanza kupiga kelele kwamba ni samaki, nimekula samaki, hizo ni nzi za kudanganya samaki. Mkalimani hakuwa mtu mbaya, aliniambia. Alionekana hata kusikitika. Alimjibu kwa upole, "Kila mtu anajua kabila lenu halili samaki." Akaitwa mzee wa kijiji athibitishe, naye akathibitisha kwa kiapo chake halali kwamba watu wa huku hawali samaki, ni mwiko, haijawahi kutokea. Mzee yule alisema alichokijua. Mila yetu wenyewe ndiyo iliyosimama pale ikatoa ushahidi.

Alikuwapo mtu mmoja wa kuwaokoa, naye aliletwa. Yule mzungu wa barabara alifika kwa gari lake, akatazama mkebe, akasema kijana alikuwa mfanyakazi mzuri lakini yeye hawezi kujua anachofanya mtu akiwa kwake. Angesema zaidi angelazimika kueleza kwa nini mtumishi mweusi alikuwa na ndoana na trauti, na kwa nini alimwacha azurure mtoni wakati watu wengine walikuwa wamefungiwa ndani ya mtaro. Rafiki yangu alipofika hapa alitema mate majini, akaniambia: "Alikuwa amevaa kofia yake. Na nzi zangu mbili zilikuwa kwa hiyo kofia."

Alipelekwa kambi ya kizuizini, na mkewe akapelekwa kambi ya wanawake. Na sasa sikilizeni uovu wa mpango ule. Aliyekiri alihesabiwa kuwa ameanza kutakaswa, anasogezwa kambi hata kambi kuelekea nyumbani. Aliyekana alihesabiwa sugu. Mume alikuwa amekwisha kukiri bila kujua, hivyo alitapika kiapo ambacho hakuwahi kukila na akaachiliwa mapema. Mke aliulizwa amewalisha watu wangapi, akasema hakulisha mtu. Aliulizwa maneno ya kiapo, hakuyajua. Angalau angeyajua angeyakiri apumzike. Aliulizwa alichompa mumewe, akasema samaki, akapigwa kwa kuwafanya wakubwa wapumbavu. Alikaa kule muda mrefu mno baada ya mumewe kurudi, akichimba mawe, na aliporudi vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena. Hawakupata mtoto. Sijui kama ni kwa ajili ya mambo ya kambini, sikuuliza, na nyinyi msiniulize.

Mngedhani kijiji kiliwapokea. Kijiji kiliwapokea kwa samaki! Maana lile ambalo serikali ilikataa katakata kuliamini, majirani waliliamini mara moja. Zile kelele za pale kwenye hema zilikuwa zimesikika hadi mtaroni: nimekula samaki, bibi yangu alipika. Wanawake waliokuwa wamefungwa kwa viapo walirudi wakapigiwa vigelegele kimyakimya. Mkewe alirudi wakamhamishia kigoda chake pembeni. Mama mkwe akataka mbuzi achinjwe kusafisha jiko, na hata baada ya mbuzi kuchinjwa hakunywa uji wa mkono wake. Hakuna aliyemtuma kuteka maji ya harusi, hakuna aliyempa mtoto amshike. Haya yaliendelea hadi Uhuru ulipokuja na upepo ukageuka, na watu walioficha kwamba wamekula kiapo wakaanza kujitokeza, na wale ambao hawakukila wakaanza kukikumbuka. Siku moja, kwenye kikao cha wanawake, alipoguswa tena kwa mzaha wa samaki, alisema kwa utulivu kwamba samaki ilikuwa lugha ya kujificha. Alisema serikali iliujua ukweli, ndiyo sababu walimfunga muda wote ule. Yeye ndiye aliyekuwa akilisha.

Wakaamini. Kwa nini wasiamini? Kigoda chake kikarudishwa katikati, na baada ya miaka akawa anakaa mstari wa mbele kila sikukuu ya taifa. Mumewe alisikia habari hiyo mtoni. Nilimuuliza mbona hakumkanya, naye akanijia juu kama ilivyokuwa kawaida yake. "Mimi nilimtia kwa shimo na neno moja. Akipata ngazi yake ya kutoka, mimi ni nani wa kuivunja?" Kwa hiyo alibeba viapo viwili ambavyo hakuvila hadi siku ya kufa kwake. Wanasiasa walimshika mkono, wanafunzi waliletwa kumwangalia, na kila aliposifiwa alikimbilia ukingoni na mikebe yake. Watu walisema ni unyenyekevu wa shujaa. Ilikuwa ni chuki, na ilikuwa haki yake.

Sasa mimi nauliza, na msinijibu kwa methali. Siku hizi ukigusa miaka ile kila mtu anakuambia yaliyopita si ndwele. Si ndwele kwa nani? Nimeona jinsi tunavyowakumbuka watu wa wakati ule. Tuna masanduku mawili tu, la mashujaa na la wasaliti, na kila mtu lazima akunjwe hadi aingie katika mojawapo, hata ikibidi kumvunja vidole. Hatuna sanduku la kijana aliyependa kufunga manyoya kwenye ndoana. Hatuna la mke aliyekuwa na njaa na hamu ya kuonja kitu. Na wengi walikuwa hao! Wengi walioteswa hawakuwa simba wa msitu, walikuwa watu waliokamatwa wakienda kutafuta mbuzi aliyepotea, au waliojibu swali ambalo hawakulielewa. Tukiwafanya wote simba, tunawaondolea wakoloni aibu yao kubwa kuliko zote, kwa sababu simba hufungwa kwa sababu, lakini hawa walifungwa bure. Mkoloni alisema yule mtu ni mla kiapo. Sisi, tukiwa huru, tukiwa na kipaza sauti chetu wenyewe, tukasema hivyohivyo, tofauti ni kwamba tulipiga makofi.

Baada ya kaburi kufunikwa na watu kukimbilia sahani za wali, nilikwenda kumpa pole mjane. Alikuwa ameachwa peke yake hemani, mkono ule wa kulia umelala juu ya magoti. Nilichutama mbele yake, nikamwambia pole mama. Akaniuliza kama si mimi ndiye yule mwalimu wa mtoni. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kama mumewe aliniambia. Niliona aibu, lakini sikutaka kumdanganya siku kama ile, nikasema aliniambia yote.

"Basi niambie, mwalimu," akasema, "hawa watu wamezika nani?"

Akaendelea, si kwa machozi, alikuwa mkavu kabisa. Alisema alitaka watu wa kuketi naye, akaketi nao, hawezi kuwalaumu. Lakini leo alipokuwa akisikiliza yale maneno kwenye kipaza sauti alikuwa akimtafuta mumewe ndani yake na hakumwona. Nikamwambia mama, ukweli huu ukitoka, hata leo kuna watakaosogeza viti. Alisema wasogeze. Aliyekuwa akitaka kuketi naye ndiye huyo wamemfukia.

"Andika kwa hiyo gazeti yako," akaniambia. "Andika ni samaki. Ni mimi nilipika, na yeye akakula akamaliza, akasema ni tamu."

Nimeandika, kama nilivyoagizwa, bila kutaja jina la mtu, ingawa wa kwetu watajua. Wenye kukasirika wakasirike. Funzo ninalolipata si la kishujaa hata kidogo, na mtaniwia radhi. Mtu akikuambia alichokula, mwamini, hata kama watu wa kwao hawakili na hata kama wewe ulitaka awe amekula kingine. Na kabla hatujamshikia mtu kipaza sauti juu ya kaburi lake, twende kwanza kwa yule aliyekuwa akimpikia, tumuulize huyu alikuwa nani, kisha tufunge midomo yetu mpaka amalize kusema.